Barua Aliyoshindwa Kuitamka

Binti yako akikwambia amempata mwanamume asiyelewa, asiyeinua mkono, asiyegeuza shingo kila sketi ikipita, mpongeze. Halafu muulize swali moja tu: huyo mtu anakaa wapi? Mimi sikuuliza. Msimu ule nilikuwa na sare za shule za kushona, vitambaa vya buluu vimenifika kidevuni, na kijana mwenyewe alikuwa na sauti ambayo hata shikamoo yake ilikuwa inataka kujibiwa mara mbili. Nikamkaribisha kiti. Naandika haya kwa mama mwenzangu ambaye bado hajatoa kiti.

Jumapili hiyo ninayoisimulia, binti yangu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alikuwa amempenda Mshairi kwa miaka sita. Tangu asubuhi nilikuwa nimeihamisha cherehani yangu kutoka sebuleni na kuipeleka chumba cha pili, kile kinachotengwa na pazia tu. Niliokota pini zote sakafuni kwa sumaku, kwa sababu Mshairi alikuwa ameahidi kuleta watu. Watu wa kusema neno. Watu wa kutaja siku.

"Leo hakuna mafumbo," alisema wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye alikuja mapema na kukalia kiti kinachotazama mlango. "Leo Bwana Mabegi ama anataja siku, ama anachukua mabegi yake na hiyo miguu yake isiyotulia."

"Shangazi, usimwite hivyo," alisema binti yangu.

"Nimwite nani? Kila nikimwona yuko na begi. Sijui hata akilala analivua."

Binti yangu akacheka. Alikuwa amependeza, jamani. Gauni lile nililishona mwenyewe kwa siku nne, na nilipokuwa nampima kiuno alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu anayesikiliza redio iliyoko nyumba ya jirani.

Walijuana dukani. Binti yangu ni karani kwenye duka la steshenari. Anachapa barua za watu, anatoa nakala, anajaza fomu. Siku moja akaingia kijana na daftari la mashairi lenye mwandiko mbaya, utadhani kuku amekanyaga wino. Makarani wengine walirudisha daftari. Binti yangu akalisoma kama anasoma kalenda. Tangu hapo Mshairi hakuandika tena kwa mkono. Alikuwa anasimama, anafumba macho, anatembea huku na huku akisema, na binti yangu anachapa. "Mama," aliniambia wakati huo, "kabla hajalitamka neno, vidole vyangu vinakuwa vimeshalijua." Hapo ndipo ningefunga mlango. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Halafu zikaja hizo nyumba. Mimi sikujua kama duniani kuna nyumba za namna hiyo, ambapo mwandishi anapewa chumba, meza na chakula, mwezi mmoja au mitatu au sita, akae aandike, asiulizwe kitu. Lakini huwezi kwenda tu. Unaomba. Na maombi yana kurasa, yana maelezo, yana picha. Nani alikuwa anayaandika? Karani wake. Usiku na mchana alikuwa anapanga maneno vizuri mpaka wenye nyumba wanakubali. Miaka sita, nyumba kumi na moja. Kila akirudi alikuwa na marafiki wapya, vitabu vilivyosainiwa na wenyewe, hadithi za maziwa na milima, na shairi moja jipya kuhusu shingo ya mwanangu. Nyumba kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo ndani yake kuna sufuria yake.

Lakini kabla ya ile ya mwisho alisema mbele yangu: "Mama, nikirudi, nakuja na watu."

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa.

Alikuwa amekonda kidogo, shati jeupe, begi begani. Macho yake yakapita juu ya kichwa changu na juu ya wifi, yakaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, ambako binti yangu alisimama na sinia la vikombe. Wakatazamana. Sikilizeni, mimi nilikaa kwenye ndoa miaka ishirini na mbili na mume wangu alinipenda, lakini hakunitazama vile hata siku moja. Ndiyo maana nilikuwa naogopa.

Nyuma yake walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa mzee wa miwani mizito, mhariri wa jarida la mashairi. Wa pili alikuwa mama mnene mchangamfu anayetunga hadithi za watoto. Wao wanamwita Bi Hadithi.

"Hawa ni nani wako?" wifi akauliza kabla hawajakaa.

"Ni marafiki zangu, shangazi. Unajua bibi aliyenilea alishafariki. Hawa tumeishi nyumba moja."

"Nyumba ya nani?"

"Ya waandishi."

"Ahaa," wifi akasema, akanigeukia. "Wifi, umesikia? Washenga wa bweni."

Bi Hadithi akacheka mpaka kiti kikalia. Mhariri akakohoa, akasimama kama anahutubia ukumbi. "Wazazi wetu, tumekuja kwa heshima. Kijana wetu ameona ua katika bustani hii, na ..."

"Kaa, mzee wangu, utachoka," wifi akamkatiza. "Ua tunalo, tumelimwagilia wenyewe. Sasa atakayelichukua atalimwagilia saa ngapi, na yeye kila siku yuko njiani?"

"Mama, huyu kijana ana kipaji ambacho ..."

"Kipaji kinajua kumpeleka mtu hospitali?"

Mshairi akainama. Binti yangu alikuwa anagawa chai kimya kimya, na alipomfikia, vidole vyao vilikaa kwenye kikombe kimoja muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Nikamwonea huruma. Nikaona bora niulize mimi, kwa upole.

"Mwanangu," nikamwambia Mshairi, "mimi sitaki makubwa. Nataka kujua kitu kimoja. Mkishaoana, mtaishi wapi?"

Alifungua mdomo. Bi Hadithi, kwa roho nzuri tu, akamsaidia.

"Mama, ondoa wasiwasi kabisa! Akirudi baada ya ile miaka miwili atakuwa mtu mwingine. Nyumba ile ni kubwa kuliko zote, waliotoka pale wote wana majina. Atakuja na ..."

"Miaka miwili ipi?" nikauliza.

Bi Hadithi akamtazama Mshairi. Uso wake ukabadilika polepole. "Hujawaambia?"

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya sebule. Sinia halikutikisika. Afadhali lingeanguka.

"Ni ile ya ng'ambo?" akauliza.

"Ndiyo," Mshairi akajibu.

"Ile niliyoichapa mwezi wa pili. Kurasa kumi na nne."

"Ndiyo, Karani wangu."

"Jibu limekuja lini?"

Akaweka kikombe chini.

"Nakuuliza jibu limekuja lini."

"Wiki tano zimepita."

"Wiki tano. Na juzi ukanipigia simu kuniuliza uvae shati gani."

Mhariri akavua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Wifi akasimama. Mimi namjua wifi, akipandisha sauti mtaa mzima unafungua madirisha, lakini siku hiyo alisema kwa sauti ndogo mno: "Wageni, asanteni kwa kuja. Twendeni niwasindikize mpaka kituoni. Mzee, chukua kofia yako." Wakatoka naye kama watoto waliovunja kitu. Bi Hadithi alikuwa anafuta machozi kwa upande wa mtandio.

Nami nikaingia chumba cha pili, nikakaa mbele ya cherehani yangu, pazia likabaki na uwazi wa kama vidole vitatu. Mnaweza kunisema. Mama mwenye hofu hana adabu ya kuziba masikio.

"Nilitaka nikuoe kwanza," nilimsikia Mshairi. "Halafu nikwambie."

"Unioe halafu uniache."

"Nikuoe halafu nirudi."

"Basi niende na wewe. Hata huko nitachapa. Nitapika. Nitakaa kimya ukiwa unaandika, unajua najua kukaa kimya."

"Hawaruhusu. Chumba ni cha mtu mmoja. Wanachukua watu wasio na mtu wa kufuatana naye."

"Najua. 'Hajaoa, hana mchumba, hana anayemtegemea.' Niliandika mwenyewe." Akacheka kicheko kibaya. "Nilidhani ni maneno ya fomu tu. Watu wanaandika mengi kwenye fomu."

"Karani ..."

"Basi kaa."

Nikasikia viatu vya Mshairi vikitembea mpaka dirishani na kurudi.

"Nilikaa mwaka ule," akasema. "Umesahau? Miezi saba. Nikapanga kile chumba nyuma ya soko, nikawa nasahihisha vitabu vya hesabu vya watu. Miezi saba sikutoa hata mstari. Nikawa nakununia wewe, ambaye hukunikosea kitu."

"Ulikuwa unanuna, lakini ulikuwepo. Mimi nilikuwa nafurahi hata na kununa kwako. Nilikuwa nikitoka kazini nakukuta."

"Sikiliza. Nisipokwambia leo, sitakwambia tena. Nikiwa hapa sikuoni. Nakutazama tu. Nikiwa mbali ndipo nakuona. Naona unavyoinamisha shingo ukitafuta herufi, naona unavyouma mdomo neno likikosewa. Sijui kwa nini niko hivi. Ningejua ningejitibu."

Mungu anisamehe, nilimchukia, na wakati huo huo machozi yalikuwa yananitoka juu ya sare ya mtoto wa watu. Ukiona maneno ya mwanamume yanamliza hata mama mkwe, jua umeshafungwa. Matusi mtu unayakimbia. Maneno kama yale unayafuata mwenyewe.

"Unanipenda?" binti yangu akauliza.

"Kuliko nyumba zote hizo."

"Basi kataa hii moja."

"Nakataa," akasema haraka. "Kwa ajili yako nakataa. Kesho nawaandikia."

"Kwa nini kesho? Karani yuko hapa."

Nikamwona binti yangu anachukua kompyuta yake kwenye rafu. Akasogeza vikombe, akafuta meza kwa kiganja, akakaa, mgongo umenyooka, vidole juu ya herufi, kama alivyokaa mbele yake miaka sita yote. "Sema, nichape."

Mshairi akasimama. Akafumba macho. Akaanza kutembea.

"Kwa Mkurugenzi wa Nyumba ya Waandishi."

Vidole vikachapa.

"Ndugu Mkurugenzi. Nimepokea barua yako kwa furaha. Nakushukuru wewe na wenzako kwa kuyaamini mashairi yangu."

Vikachapa.

"Nukta. Aya mpya. Kwa masikitiko."

"Kwa masikitiko," binti yangu akasema. "Endelea."

"Kwa masikitiko ..."

Alifika dirishani, akarudi. Akafika tena. Huyu ni mtu ambaye alisimama msibani kwa baba mmoja hapa jirani, bila karatasi, akatoa beti kumi na sita mpaka waliogombana na marehemu wakaomba msamaha. Sasa alikuwa anatafuta maneno sita au saba tu, maneno ya kawaida kabisa ambayo hata mimi wa darasa la saba ningeyatamka. Jokofu lilikuwa linanguruma jikoni. Jasho likamtoka kwenye paji.

"Kwa masikitiko," akasema mara ya tatu. Halafu akafumbua macho. "Karani, malizia wewe. Wewe unayajua maneno."

"Nayajua. Nimekaa nayajua tangu ulipoanza." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ila haya hayawezi kutoka kwangu, Mshairi. Yakitoka kwangu utanidai maisha yako yote."

Nikaomba. Niliomba kule nyuma ya pazia kama sijawahi kuomba. Nilisema, ee Mungu, mpe neno huyu mtoto, moja tu, mengine nitamsaidia.

Hakutoa neno. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kichwa mapajani kwake, juu ya gauni la siku nne, mabega yakawa yanatikisika. Binti yangu akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikuwa anafuta kile alichochapa, herufi moja moja, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, mpaka karatasi kwenye kioo ikawa nyeupe.

"Lete fomu," akasema.

"Fomu gani?"

"Ya kukubali. Haiwezi kukosa fomu. Na wewe huwezi kukosa kuwa nayo."

Ilikuwa kwenye begi. Akaitoa, imekunjwa mara nne. Binti yangu akainyoosha kwa ukingo wa kikombe, akaisoma yote kabla hajashika kalamu, kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Inatakiwa kesho asubuhi!"

"Ndiyo."

"Ungeshindwa kuijaza. Ungekosea." Akaanza kuandika kwa herufi kubwa, zile nzuri ambazo mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa anazionyesha kwa wazazi. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Hali ya ndoa. "Miaka miwili si mingi," akasema bila kuinua uso. "Nitakungoja." Na kalamu yake, wakati anasema hivyo, ilikuwa kwenye ule mstari wa watu wanaokutegemea au kukungoja. Akaandika: Hakuna.

"Usiseme hivyo kama hutaki," Mshairi akasema. "Sina haki ya kukuomba."

"Hujaniomba."

Ewe binti unayesoma hapa, ungekuwa nami nyuma ya lile pazia ungepiga kelele. Mimi nilishika ukingo wa cherehani.

"Sasa shahidi," binti yangu akasema, akasoma kwa sauti. "'Mtu mzima, asiye ndugu, anayemfahamu mwombaji kwa zaidi ya miaka mitatu. Nathibitisha kwamba mwombaji hana mke, hana mchumba, wala hana mtu yeyote wa kufuatana naye.' Halafu jina na saini."

"Mhariri angesaini," Mshairi akasema.

"Mhariri shangazi ameshampakia kwenye gari. Nitasaini mimi."

"Hapana. Si wewe. Karani, tafadhali, yeyote lakini si wewe."

"Nani mwingine anakujua? Kumi na moja zote, nani anakujua?" Akaivuta karatasi karibu. Nikaiona kalamu inashuka.

Sijui nilifikaje pale. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama mezani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na mkono wangu uko juu ya mkono wake.

"Lete hapa," nikasema.

"Mama, ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa nashona."

"Cherehani ilikuwa kimya, mama."

"Nilikuwa natunga uzi. Lete hiyo kalamu."

Mshairi akasimama, macho mekundu, hajui pa kuweka mikono. "Mama, nisamehe," akasema.

"Sina msamaha leo, mwanangu. Labda siku nyingine."

Nikavaa miwani. Nilisoma ile sentensi mara mbili, kwa sababu mimi nasoma polepole na kwa sababu nilikuwa nampa nafasi. Nilimpa nafasi yeye aseme basi, chana. Nikampa na mwanangu nafasi ya kuninyang'anya kalamu, kulia, kumfukuza, kutupa kikombe, chochote ambacho mwanamke mwenye akili zake angefanya. Nilimaliza kusoma. Wao walikuwa wanatazamana tena, kama pale mlangoni, na mimi nilikuwa fundi tu aliyeitwa kumaliza kazi.

Tangu nizaliwe sijatia saini yangu kwenye uongo. Nikaandika jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu, kwamba namfahamu huyu mtu, na kwamba hapa duniani hana mtu. Karatasi ikaanza kuteleza mezani. Mwanangu aliona, akaishika kwa juu.

"Weka na tarehe, mama," akaniambia kwa upole. "Bila tarehe watairudisha."

Nikaweka tarehe.

Akaichukua, akaipuliza wino ukauke, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaisoma tangu juu mpaka chini, kidole kikifuata mstari kwa mstari, mdomo wa chini ameuma kidogo. Mshairi alikuwa anamtazama kwa pupa, kama mtu anayehifadhi.

"Haina kosa," binti yangu akasema. "Haina hata moja."